Asidi ya hidrofloriki

Asidi ya hidrofloriki ni myeyusho wa floridi ya hidrojeni (HF) katika maji. Haina rangi, na asiyesoma lebo anaweza kuidhania maji. Hula kioo, ndiyo maana huwekwa kwenye chupa za plastiki. Maabara za jiolojia huitumia kuyeyusha mawe, kwani silika inayozishinda asidi nyingine za kawaida haifui dafu mbele yake.

Kikemia ni asidi dhaifu, na hapo ndipo ilipo hatari. Molekuli zake nyingi hazigawanyiki kuwa ioni, hivyo hupenya ngozi zikiwa nzima na kuzama hadi mfupani. Huko ndani, floridi hunasa kalsiamu na magnesiamu. Kalsiamu ya damu ikishuka ghafla, mapigo ya moyo huvurugika na moyo unaweza kusimama. Tena, myeyusho wa chini ya asilimia 20 unaweza kukaa mwilini hata saa 24 kabla ya maumivu kuanza. Aliyemwagikiwa asingoje kuumwa.

Mwaka 1994 mjini Perth, Australia, fundi wa maabara aliyekuwa akifanya kazi peke yake alijimwagia pajani asidi ya asilimia 70, isiyozidi mililita 230. Alikuwa amevaa glavu mbili mbili na vikinga mikono, lakini miguu haikuwa na kinga. Hapakuwa na bafu la dharura wala jeli ya kalsiamu. Alijitosa kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya jengo akingoja gari la wagonjwa. Alikatwa mguu, na baada ya siku 15 akafariki. Vitu alivyovikosa ni vya bei ndogo, na hilo linauma.

Kwa hiyo HF isifunguliwe na mtu aliye peke yake, wala nje ya kabati la kufyonza mvuke. Glavu nyembamba za kutupa hazitoshi: zinahitajika nzito za neoprini, aproni ndefu, miwani na kinga ya uso.

Ikimwagika mwilini, nguo zivuliwe upesi na ngozi ioshwe kwa maji mengi kwa dakika 5, kisha ipakwe jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 na kusuguliwa mfululizo njiani kuelekea hospitali. Daktari aambiwe waziwazi kwamba ni HF. Sindano ya ganzi huepukwa, kwa sababu maumivu yakipungua ndipo hujulikana kwamba kalsiamu imeifikia floridi.