Ransomwea ya Kwanza Ilitumwa kwa Posta, na Walengwa Walikuwa Watu wa Afya

Wasee, tuanze na swali. Ukisikia kuna watu wamefungiwa kompyuta zao na wezi wa mtandaoni, halafu wanaitishwa pesa ndio wafunguliwe, unafikiria ni akina nani? Wengi watasema benki. Wengine watasema serikali. Lakini huu mchezo wa kuteka mafaili na kudai kikombozi, ule unaoitwa ransomwea, ulianza kwa watu wa afya. Na jamaa anayetajwa kuuanzisha aliijua Kenya vizuri.

Hii historia sikuikuta kwa silabasi yoyote, na nilikaa chuo miaka miwili kabla ya kutoka. Kwa hivyo leo nitaisimulia hapa, kwa sababu kuna kitu inatuambia kuhusu hospitali zetu venye ziko sasa hivi.

1989: diski ndani ya bahasha

Ni Desemba 1989. Hakuna M-Pesa, hakuna WhatsApp, na mama za wengi wenu bado wako shule. Bahasha zinaanza kufika kwenye maofisi ya nchi mbalimbali. Ndani kuna diski, zile bapa za zamani ambazo wewe unazijua tu kama kile kialama cha kuhifadhi faili. Juu imeandikwa kwamba ina habari kuhusu Ukimwi. Zilitumwa kutoka London, kama 20,000 hivi. Waliotumiwa ni wasomaji wa jarida moja la kompyuta, pamoja na watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Ukimwi.

Cheki ujanja. Wakati huo Ukimwi unatisha dunia nzima, na dawa tulizo nazo leo hazipo. Mtafiti anapata diski yenye maswali ya kupima hatari ya mtu kuambukizwa. Ataitupa? Anaiweka kwa kompyuta. Na programu inafanya kazi kweli: inakuuliza maswali, inakupa majibu. Siku hiyo hakuna kitu kinaharibika.

Lakini kimyakimya inahesabu. Kila ukiwasha kompyuta, inaongeza moja. Ikifika karibu mara 90, inaficha mafolda, inavuruga majina ya mafaili, na skrini inakuambia ulipe dola 189 kwa kampuni inaitwa PC Cyborg. Pesa zitumwe kwa sanduku la posta huko Panama. Yaani kikombozi kwa posta!

Leo tunacheka, lakini kuna walioshikwa na hofu wakafuta kila kitu kwenye mashine zao. Shirika moja la Ukimwi nchini Italia liliripotiwa kupoteza kazi ya miaka 10. Kinachouma zaidi ni kwamba ndani ya mafaili hakukuwa kumeguswa. Ni majina tu yalivurugwa, na programu ya kuyarudisha ilipatikana muda mfupi baadaye. Wangetulia na kuuliza, wangeokoa kila kitu. Lakini nani angewaambia? Hakuna mtu alikuwa ameona kitu kama hicho.

Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani, msomi wa biolojia kutoka Harvard aliyewahi kutafiti nyani hapa Kenya. Alianza kushukiwa kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akiwa njiani kurudi kwao kutoka Nairobi, ambako alikuwa amehudhuria semina ya Ukimwi ya Shirika la Afya Duniani. Alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 jaji akaamua hali yake ya akili haimruhusu kusimama kortini. Kesi ikaishia hapo.

Ona kitu kimoja. Popp hakuvunja mlango wowote. Alituma kitu kwa watu wenye kazi nyingi, kikionekana kama sehemu ya kazi yao, nao wakamfungulia wenyewe. Hiyo formula haijabadilika mpaka leo.

2017: kiraka ambacho hakikuwekwa

Ruka miaka karibu 28. Ni Ijumaa, 12 Mei 2017. Kwenye hospitali za Uingereza, skrini zinageuka nyekundu moja baada ya nyingine: mafaili yako yamefungwa, lipa dola 300 kwa Bitcoin. Virusi vinaitwa WannaCry. Viligusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi kama 150, na NHS, ile huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ikaumia vibaya. Katika England, taasisi 80 hivi kati ya 236 zinazoendesha hospitali ziliathirika. Miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ilifutwa. Kuna sehemu ambazo wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa hospitali za mbali zaidi. Barua pepe zilizimwa, na wafanyakazi wakawa wanawasiliana kwa simu zao za mfukoni na WhatsApp.

Sasa hapa ndio penye uchungu. WannaCry ilipita kwenye ufa ndani ya Windows ambao majasusi wa Marekani wa NSA walikuwa wameugundua wakakaa nao kimya, hadi siri yao ikaibwa na kumwagwa mtandaoni. Lakini Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba ufa huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hospitali zilitumiwa tahadhari tarehe 17 Machi, na tena tarehe 28 Aprili. Na msiniambie ati ni kompyuta za zamani. Nyingi zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo Microsoft bado ilikuwa inaitengenezea viraka. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvikubali tu.

Kwa nini hawakuvikubali? Fikiria uko wodini, saa tisa usiku, nesi mmoja kwa wagonjwa wengi. Kompyuta inakuambia inataka kusasisha na kujizima. Utabonyeza nini? Utabonyeza "baadaye", kama kila mtu. Na huko maabara au eksirei kuna mashine ambayo aliyeiuza alisema isiguswe. Kwa hivyo kusasisha lazima kuwe kazi ya mtu fulani, kwa saa fulani, na kompyuta nyingine iwepo ya kutumia wakati ile inasasishwa. Ukiachia huruma ya mtu wa zamu, haitafanyika.

Aliyezima WannaCry alikuwa kijana wa miaka 22 anaitwa Marcus Hutchins, akiishi kwa wazazi wake huko Devon, bila digrii yoyote. Aligundua kwamba virusi vilikuwa vinatafuta anwani fulani kwenye intaneti, na hiyo anwani haikuwa na mwenyewe. Akainunua kwa dola kama 10, na virusi vikapata jibu, vikaacha kuenea. Msimfanye malaika, kwa sababu baadaye alikiri korti ya Marekani kwamba akiwa mdogo alitengeneza programu ya kuibia watu benki. Lakini wazazi wenye mnasoma hapa, mwacheni kijana wenu aguse kompyuta.

2021: faili moja la Excel

Kisa cha tatu kiko Ireland. Tarehe 18 Machi 2021, mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya umma, HSE, alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Hakuna kilichotokea. Aliendelea na kazi, akaenda nyumbani. Wezi walikuwa wameingia, na wakakaa humo wiki nane wakizunguka taratibu kutoka mashine moja hadi nyingine. Tarehe 31 Machi, programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta ile ile ilitoa onyo, lakini ilikuwa imewekwa kuangalia tu, sio kuzuia. Hakuna aliyefuatilia.

Tarehe 14 Mei, HSE ikalazimika kuzima mfumo wake wote nchi nzima. Madaktari wakarudi kwa kalamu na karatasi. Hospitali ya wazazi ya Rotunda, Dublin, ikafuta kliniki za wajawazito isipokuwa waliofika wiki 36 au zaidi. Siku chache baadaye wezi walitoa ufunguo bure, na bado ilichukua hadi Septemba kufungua seva zote. Ukitekwa, hata kuachiliwa kunachukua muda.

Uchunguzi uliofuata haukusema lawama ni za aliyefungua faili. Ulionyesha kwamba huduma nzima haikuwa na kiongozi hata mmoja wa juu ambaye kazi yake ni usalama wa mtandao. Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Kidole kilichobonyeza ni cha mwisho kwenye foleni ndefu ya watu ambao hawakufanya kazi yao.

Na sisi je?

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Juni 2024, wezi waliingia kwenye mfumo wa maabara za umma za Afrika Kusini, NHLS, wakafuta sehemu ya data pamoja na nakala za akiba. Vipimo viliendelea kufanywa, lakini majibu hayangeweza kumfikia daktari kwa mfumo. Ya dharura yalipigiwa simu. Hii ni wakati nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wa mpox.

Hapa kwetu tunahamia dijitali kwa kasi. Tuna Sheria ya Afya ya Dijitali ya 2023, na tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na mambo mengi yanapitia kwenye skrini. Mimi sipingi. Faili la karatasi likipotea, limepotea. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosema habari za afya ni nyeti, na kwamba data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa karatasi tuko sawa.

Lakini nenda mapokezi uangalie. Mimi nimeona paswadi imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa juu ya skrini, idara nzima inaitumia, na mwanafunzi wa atachimenti wa wiki ya kwanza anaingia nayo. Nimeona flashi ikitoka saiba ikiingia moja kwa moja kwa kompyuta ya rekodi. Sio ati hao watu ni wajinga. Ni watu wanaojua kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, wanaojua chanjo inatolewa kabla ugonjwa haujaja. Wamefundishwa usafi wa mwili kwa miaka. Usafi wa kompyuta walipewa ndani ya dakika kumi, siku mfumo ulipoletwa, na jamaa aliyekuwa anaharakisha kwenda hospitali nyingine.

Kwa hivyo nikiulizwa, nitasema hospitali zianze na mambo matatu. Kwanza, kila mtu awe na paswadi yake, hata mwanafunzi, na ifungwe siku anapoondoka. Pili, sasisho ziwe na ratiba na mwenyewe, kama chanjo. Nakala za akiba ziwekwe mahali ambapo mwizi akiingia kwa mfumo hawezi kuzifikia. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtu akibonyeza kitu kibaya aweze kusema dakika hiyo hiyo bila kuogopa kufutwa kazi. Ukimtisha atanyamaza, na kimya ndicho kiliwapa wezi wa Ireland wiki nane.

Wengi wenu mnaosoma hii mna dada, binamu au rafiki anayefanya kazi hospitalini. Wengine ndio nyinyi mnaoitwa "kijana wa kompyuta" kila printa ikikwama. Ukiitwa tena, rekebisha printa, halafu uliza: hii kompyuta ilisasishwa lini, na nani ana paswadi? Uliza kwa heshima, bila kumfanya mtu aonekane fala. Popp alihitaji diski 20,000 ndio apate watu wa kumfungulia. Wa siku hizi anahitaji mmoja tu, na huyo mmoja anaweza kuwa ndiye ameshika faili la mathe wako.