Alama ya kuulizia, kabati la Cambridge na kitu kinachoitwa linka

Haya wadau, nimerudi. Wiki mbili nilikuwa kimya, msuli wa testi ulinibana na umeme wa hosteli nao ulikuwa na mambo yake. Leo sina habari za kafteria wala za foleni ya bumu. Leo ni historia, ila kaeni, haina usingizi.

Kuna mshikaji wa mwaka wa nne (simtaji, anasoma humu) ana projekti ya kupima joto na unyevu wa udongo kwa kutumia mikrokontrola. Unyevu ulitoka vizuri. Joto likatoka "?". Siyo sifuri, siyo namba ya ajabu, ni alama ya kuulizia peke yake, mstari baada ya mstari. Akanunua sensa nyingine, akanunua ya tatu, bumu likaisha, na siku ya kuwasilisha imebaki wiki. Sensa zote zilikuwa nzima. Dawa ilikuwa maneno matatu kwenye mstari wa kuunganisha programu. Angeweza kuyadesa tu akaendelea na maisha, lakini alitaka kujua ni nani aliyeamua joto lake liwe alama ya kuulizia. Swali zuri. Kulijibu inabidi twende Cambridge, Uingereza, mwaka 1949.

Tarehe 6 Mei mwaka huo kompyuta ya EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza, jedwali la namba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki, mwanzoni maneno 512 tu. Maurice Wilkes, bosi wa kazi ile, na vijana wake waligundua mapema kwamba kila anayekuja na hesabu anaandika upya vipande vilevile: kipeo cha pili, kugawanya, kuchapa namba. Basi wakaviandika mara moja, vikatobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tepe zikatunzwa kwenye kabati la chuma. Ukitaka kuchapa namba unafungua kabati, unachukua utepe, unaunakili kwenye utepe wa programu yako, unaurudisha. Hiyo ndiyo maktaba, wadau, na hapo hatutumii fumbo lolote. Kufikia 1951 kulikuwa na vipande 87.

Ugumu ukaja hapa. Kipande kiliandikwa kana kwamba kinakaa mahali fulani kwenye kumbukumbu, lakini kwako kitakaa pengine na kwa mwenzako pengine tena. Nani atasahihisha anwani zote? Kijana David Wheeler, umri wake miaka 22, aliandika amri chache za kuanzishia mashine, toleo la kwanza amri 31 na la pili, lililotoka mwaka huohuo, amri 41. Toleo hilo la pili lilisoma utepe, likaona herufi mwishoni mwa kila amri, na herufi fulani ilimaanisha "ongeza hapa anwani ya mwanzo wa kipande hiki". Kwa amri 41! Mimi programu yangu ya kuchapa jina langu inazidi hapo. Kazi hiyo ya kuhamisha anwani ndiyo moyo wa linka mpaka leo. Marekani nako, Grace Hopper alifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1951 na 1952 kwa UNIVAC. Mfumo wake wa A-0 uliitwa kompaila, lakini ukiuangalia kazi yake ilikuwa kukusanya vipande kutoka kwenye utepe na kuviunga, yaani ulikuwa karibu zaidi na linka kuliko kompaila tunayoijua sisi.

Naruka miaka. Unix ilipozaliwa Bell Labs ilikuwa na programu ya kuunganisha iitwayo ld, herufi mbili tu, na jina hilo tunalo bado. Kwa sababu kumbukumbu ilikuwa finyu, ld ilipitia maktaba mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifika kwenye maktaba inauliza: hadi sasa kuna jina lolote linalotafutwa? Kama lipo humu, inachukua kipande chake. Kama hakuna, inapita na hairudi nyuma. Shikeni hiyo, tutaihitaji. Na wale mnaokutana na .bss kwenye madesa na kudhani ni msamiati wa C, hapana. Ni kifupisho cha asembla ya kompyuta ya IBM 704 iliyoandikwa kwenye kampuni ya ndege ya United Aircraft miaka ya 1950. Kilimaanisha tengeneza nafasi inayoanzia kwenye jina hili. Fotrani ilikuwa bado mtoto.

Mwaka 1989 Wamarekani wakatoa kanuni rasmi ya C, na humo kuna uamuzi ambao watu wengi wanaupita. Kanuni iligawa dunia mbili. Ya kwanza ni programu inayoishi juu ya mfumo endeshi, ambayo inaahidiwa maktaba sanifu nzima. Ya pili ni programu inayosimama yenyewe kwenye chipu, na hiyo iliahidiwa faili nne tu za vichwa: float.h, limits.h, stdarg.h na stddef.h. Hakuna printf. Hakuna malloc. Hata jina main si la lazima. Ukitaka zaidi, jitegemee.

Na kujitegemea kulimaanisha nini? Mwaka huohuo 1989 watatu, John Gilmore, Michael Tiemann na David Henkel-Wallace, walianzisha kampuni ya Cygnus huko California, biashara yake ikiwa kuuza huduma juu ya programu huria. Wateja wao wengi walikuwa watengenezaji wa vifaa, na kila chipu ilikuwa na ramani yake ya kumbukumbu. Steve Chamberlain wa hapo aliiandikia linka ya GNU lugha yake ndogo ya amri. Unaiambia flashi inaanzia anwani hii na ina ukubwa huu, RAM ile pale, msimbo ukae huku, data ihifadhiwe kwenye flashi lakini programu iione kama ipo kwenye RAM. Faili hilo, hati ya linka, ndilo wengi wetu tunalinakili bila kulisoma.

Cygnus hao hao miaka ya mwanzo ya 1990 wakakusanya vipande huria kutoka huku na kule wakatengeneza newlib, maktaba sanifu ya vifaa visivyo na mfumo endeshi. Ujanja wake ninaupenda. Maktaba yote inasimama juu ya kazi chache ambazo unaziandika wewe mwenyewe: _write, _read, _sbrk na wenzao. printf inapanga herufi zake, mwisho inaita _write. Kama _write yako inatuma kwenye waya, basi umepata printf ya waya. Kama inawasha taa, shauri yako. malloc nayo ikitaka nafasi inaita _sbrk, na _sbrk ya kawaida huanza kugawa kutoka kwenye jina "end". Jina hilo halimo kwenye faili lolote la C. Limewekwa na hati ya linka, pale data inapokwisha. Yaani maktaba na hati ya linka zinashikana mikono kupitia jina moja, na ukibadilisha hati bila kujua, malloc yako itaanza kugawa kiwanja cha mtu. Tumezoea hayo mjini, lakini kwenye chipu hakuna baraza la ardhi.

Sasa tufike kwa mshikaji. Chipu za AVR zilibuniwa na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwe, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, na Atmel ikaziingiza sokoni miaka ya 1990. Ukichukua ATmega328P, ile ya kwenye bodi ya Arduino Uno, una flashi kilobaiti 32 na RAM kilobaiti 2. Mbili! Maktaba yake ya C, avr-libc, iliandikwa kwa ajili ya ufinyu huo. Kupanga namba zenye desimali ni msimbo mwingi, kama kilobaiti moja na nusu, na programu nyingi haziuhitaji. Kwa hiyo waandishi wake waliweka printf za aina tatu: ndogo, ya kawaida na kamili. Ya kawaida haina desimali, na ukiipa %f inachapa "?" kwa makusudi, na maelezo yake yanasema hivyo wazi. Hapo ndipo joto lilipotelea.

Dawa ni -Wl,-u,vfprintf kisha -lprintf_flt kisha -lm. Hilo la kwanza ndilo linalowachanganya watu. Kumbukeni ld inayopita mara moja. Programu yetu inaita sprintf, haimwiti vfprintf moja kwa moja. Linka ikifika kwenye maktaba ya desimali hakuna anayemtafuta vfprintf, inapita. Baadaye inachukua sprintf kutoka kwenye maktaba kuu, sprintf anamwomba vfprintf, naye anapatikana palepale, yule asiyejua desimali. Neno -u linamwambia linka: mhesabu huyu kama anatafutwa tangu mwanzo. Ni desturi ya Unix ya zamani, ipo hai kwenye projekti ya mwaka wa nne.

Wenye chipu za ARM msicheke. Newlib ilikuwa nene mno kwa chipu ndogo za Cortex-M, kwa hiyo miaka ya 2012 na 2013 wakaja na toleo jembamba, nano, unalichagua kwa --specs=nano.specs. Nalo lilitupa desimali nje, unazirudisha kwa -u _printf_float. Kisa kilekile, kanzu nyingine. Mwaka 2019 Keith Packard, jamaa aliyejulikana kwa kazi ya X Window, akatoa picolibc. Alichukua newlib akaiwekea printf iliyotokana na ile ya avr-libc. Mfumo wa Zephyr, ulioanza 2016, unakuruhusu kuchagua kwa mstari kama CONFIG_PICOLIBC=y kwenye faili la usanidi, na hiyo naiona afadhali sana. Chaguo linakaa kwenye faili la projekti, linaonekana, mwenzako akichukua kazi yako muhula ujao analikuta.

Ila hata bila Zephyr, Makefile inatosha. Weka bendera za linka mahali pamoja, andika maoni kando yake kwa nini kila moja ipo, na omba ramani kwa -Wl,-Map=ramani.map. Ifungue siku moja usome ni kipande gani kimetoka maktaba gani.

Mshikaji anawasilisha Ijumaa saa nne asubuhi, ukumbi wa juu. Joto sasa linasoma 27.4. Njooni tujaze viti vya nyuma, na mwenye waya wa USB wa ziada aje nao.