Sevilla 1992: walipojaribu kupoza barabara

Ukitaja kupoza hewa wengi wetu tunawaza kiyoyozi ukutani na madirisha yamefungwa. Leo nawapeleka Sevilla, kusini mwa Uhispania, ambako watu waliamua kupoza nje, juani kabisa.

Maonyesho ya Dunia, Expo '92, yalifanyika huko kwenye kisiwa cha Cartuja kuanzia 20 Aprili hadi 12 Oktoba 1992. Kiangazi cha Sevilla hupita nyuzi 40, na mamilioni ya wageni wangepanga foleni nje. Kazi ya utafiti ilikwenda kwa Chuo Kikuu cha Sevilla, kwenye kundi la Servando Álvarez.

Kilichonipendeza ni utaratibu wao. Kwanza kivuli: miti, turubai, mimea ya kutambaa juu ya vijia. Halafu vidimbwi na maporomoko ya maji. Mwisho ndipo ukungu, maji yaliyosukumwa kupitia vitundu vidogo mno. Kulikuwa na tufe kubwa la kutoa ukungu, na kwenye Barabara ya Ulaya ilisimama minara 12. Maji hupulizwa juu ya mnara, hewa inapoa, inakuwa nzito, inashuka yenyewe hadi kwa watu. Uzito wa hewa tu!

Maonyesho yalipokwisha, sehemu kubwa ya mitambo hiyo iliachwa. Wazo lilirudi kisiwani hapo hapo mwaka 2018, kwa mradi wa CartujaQanat uliopata fedha za Umoja wa Ulaya. Qanat ni mfereji wa chini ya ardhi wa Waajemi wa kale (ndugu zetu wa Oman wanao wao, falaj). Usiku maji hupandishwa juu ya paa yapoe, kisha huhifadhiwa chini. Mchana hupoza hewa ya mahali watu wanapokaa. Kwa lugha yetu ya programu, wanahifadhi usiku ili wautumie mchana.

Je, tunakili na kubandika Mombasa? Nimepiga hesabu. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20, kama ya Sevilla mchana, maji yanaweza kuishusha hadi karibu nyuzi 22. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, kama ya siku ya fukuto pwani, haishuki chini ya 28. Tena usiku wenyewe ni wa joto, kwa hiyo hata qanat ingekuwa na baridi kidogo tu ya kuhifadhi.

Pwani mimi ningenakili Lamu: vichochoro vyembamba, kuta ndefu za mawe ya matumbawe, kivuli na upepo wa bahari. Minara ya Sevilla ingefaa Lodwar, kwenye hewa kavu. Lakini Lodwar, nani atakubali maji yapulizwe hewani wakati akina mama wamebeba mitungi? Na zile feni za ukungu, ukiwasha moja Mombasa mwezi wa Machi utapata shati lililolowa.