Kuanzisha chumba kidogo cha habari Mantapala, Nchelenge na Chienge: vifaa, njia na tahadhari

Mwongozo huu ni kwa wakimbizi na wenyeji wanaokusanya habari, au wanaotaka kuanza, katika makazi ya Mantapala, Kashikishi, boma ya Nchelenge na vijiji vya Chienge hadi mpakani kuelekea Pweto. Si lazima uwe umesomea uandishi wa habari. Lakini lazima uwe tayari kurudi kwa mtu uliyemwandika, maana kesho mtakutana kisimani.

Watu walianza kuvuka kwa wingi kutoka Haut-Katanga na Tanganyika mwaka 2017. Wengi walipitia kituo cha mpito cha Kenani, na mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Tangu hapo habari nyingi zimekuwa zikisafiri kwa mdomo na kwa simu. Tuseme mtu anatuma ujumbe kwamba mgao wa kesho umehamishiwa Kenani. Mama mwenye mtoto mgongoni anatembea asubuhi yote, anafika, hakuna mgao. Aliyetuma ujumbe hakuwa na nia mbaya, ila hakumwuliza mtu wa pili. Kazi ya chumba cha habari inaanzia hapo, kwa huyo mtu wa pili.

Vifaa

Mnaweza kuanza na daftari, kalamu, simu moja yenye kamera na kinasa sauti, na pawabanki inayochajiwa kwa sola. Kipaza sauti cha waya cha kubana kwenye shati husaidia kuliko simu ya bei ghali, kwa sababu watu husamehe picha mbaya lakini hawavumilii sauti wasiyoisikia. Kama hamna, ingieni ndani ya nyumba na mfunge mlango. Nguo na magodoro hunyonya mwangwi. Kwa kompyuta, programu ya Audacity ya kukata na kusafisha sauti ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti.

Daftari lina thamani kuliko vyote. Andikeni humo tarehe, saa, mahali, nani alisema, na alijuaje: aliona mwenyewe au aliambiwa? Habari nyingi huangukia kwenye swali hilo la mwisho.

Njia za kufikisha habari

Mjini Monrovia, Liberia, Alfred Sirleaf alianza mwaka 2000 kuandika habari kwa chaki kwenye ubao mkubwa kando ya barabara, akauita Daily Talk. Kwa wasiojua kusoma alitundika vitu: kofia ya buluu ilimaanisha walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Chini ya serikali ya Charles Taylor ubao ulivunjwa na yeye akafungwa, kisha akarudi akaujenga upya. Ubao hauhitaji bando wala umeme, na anayepita anausoma bila aibu ya kuomba simu ya mwenzake. Wekeni mmoja penye kisima au njia ya sokoni, na mfute habari ya zamani kila mara. Ubao wenye tangazo la mwezi uliopita hudanganya bila kusema uongo.

Sudan Kusini, kuanzia mwaka 2014, shirika la Internews liliendesha Boda Boda Talk Talk. Vipindi vilirekodiwa na watu waliokimbilia ndani ya kambi za Umoja wa Mataifa, kisha vikapelekwa kwa pikipiki yenye spika na kuchezwa kwenye vituo vilivyojulikana. Kwetu baiskeli inatosha. Siri yake ilikuwa ratiba: watu walijua sauti itafika wapi na lini, na baada ya kusikiliza waliuliza maswali yaliyojibiwa katika kipindi kilichofuata.

WhatsApp ndiyo njia ya haraka, na ndiyo yenye mtego. Katika kundi la kawaida kila mwanachama huona namba za wenzake wote. Kwa mtu aliyekimbia kundi lenye silaha, au mume aliyetaka kumwua, namba yake kuonekana si jambo dogo. Tumieni orodha ya matangazo au chaneli, ambamo wapokeaji hawaonani. Orodha ya matangazo huwafikia tu wale waliohifadhi namba yenu, basi waombeni waihifadhi kwanza. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili au tatu hula bando dogo kuliko video, na bibi asiyesoma anausikiliza kwenye simu ya mjukuu.

Redio ni habari nyingine. Nchini Zambia leseni za redio na televisheni hutolewa na Mamlaka Huru ya Utangazaji, IBA. Msinunue mtambo wa kurushia matangazo kwa sababu tu mmeona unauzwa. Ni afadhali kutengeneza kipindi kizuri cha dakika kumi na kukipeleka kwenye kituo chenye leseni. Radio Kwizera ya Ngara, Tanzania, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi mwaka 1995, ilianza kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na wenyeji nao wakawa wasikilizaji wake. Redio ya wakimbizi peke yao huzua maswali kwa jirani: wanasema nini kule?

Timu ya pande mbili

Kwa sababu hiyo tunashauri timu iwe na mkimbizi na mwenyeji tangu siku ya kwanza. Mkimbizi huhitaji kibali kutoka nje ya makazi; mwenyeji anakwenda boma akitaka. Mwenyeji naye hawezi kuketi jioni na familia iliyofika juzi na kuisikia katika lugha yake. Zambia ina Sheria ya Upatikanaji wa Habari tangu mwaka 2023, nayo inawezesha kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi za umma. Ombi hilo mwachieni mwenzenu Mzambia aliandike na kulifuatilia, na mtunze nakala yenye tarehe.

Lugha ni kazi ya timu pia. Kiswahili, Kibemba na Kifaransa vinahitajika, na Kibwile kinazungumzwa Chienge na ng'ambo ya Pweto vilevile. Msitafsiri neno kwa neno. Mwambieni msomaji wa kila lugha afanye nini.

Kuna mitego miwili tunayoiona kila mara. Wa kwanza ni saa. Lubumbashi na Lusaka hutumia saa zile zile, lakini hesabu inatofautiana: kwa mmoja "saa mbili" ni asubuhi jua limeshachomoza, kwa mwingine aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa au Kiingereza ni mchana baada ya chakula. Andikeni 08:00, kisha mwongeze "asubuhi". Wa pili ni Kilwa. Kuna kisiwa cha Kilwa ndani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, na kuna mji wa Kilwa upande wa Kongo, ule ambao jeshi liliua watu zaidi ya 70 mnamo Oktoba 2004. Ukiandika "risasi zasikika Kilwa" bila kusema ipi, umewatia hofu watu wa visiwani na umewanyima habari wenye ndugu ng'ambo.

Kuhakiki kabla ya kutangaza

Tuchukue mfano wa uvuvi. Kila mwaka uvuvi hufungwa katika Mweru upande wa Zambia kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Februari inapokaribia kwisha, uvumi huanza: marufuku imeongezwa, au imeondolewa mapema. Mvuvi akiuamini wa pili anaweza kupoteza nyavu zake na kufikishwa mahakamani. Akiuamini wa kwanza anabaki nchi kavu wakati wenzake wanaleta chisense. Mwuulize nani? Ofisi ya uvuvi ya wilaya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye mamlaka. Kisha mwenyekiti wa wavuvi, aulizwe kama amepokea barua na aioneshe. Mwuzaji wa samaki sokoni Kashikishi atakueleza watu wanafanya nini, lakini hawezi kukwambia sheria inasema nini. Hivyo ni vitu viwili.

Kama hamjapata jibu, semeni hivyo: "Tumeuliza ofisi, hatujajibiwa, tutauliza tena Jumatatu." Kisha Jumatatu mwulize kweli.

Picha inayosambaa itafutwe kwanza kwa TinEye au kwa utafutaji wa picha wa Google. Mara nyingi ajali "ya jana ziwani" hukutwa ilitokea nchi nyingine miaka mingi iliyopita. PesaCheck na Africa Check huchapisha uhakiki wa madai yanayozunguka Afrika. Mkikosea, sahihisheni mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule: kama kosa lilitangazwa kwa spika, marekebisho nayo yapitie kwenye spika.

Majina, nyuso na ziwa

Ziwa si ukuta. Simu huvuka, wafanyabiashara huvuka, na kilichotangazwa hapa asubuhi kinaweza kufika Pweto kabla ya jioni. Kabla ya kuandika jina la mtu aliyeeleza aliyoyakimbia, mweleze hivyo waziwazi, kisha umwulize tena siku ya pili. Ridhaa ya mtu aliyetoka kulia haitoshi. Wakati mwingine kuficha jina hakusaidii, kwa kuwa kijiji, kazi na idadi ya watoto vinamtambulisha. Punguzeni hayo pia. Watoto na waliobakwa wasitambulishwe kamwe, hata wakikubali. Zimeni mahali kwenye kamera ya simu, fungeni simu kwa namba ya siri, na kwa mazungumzo nyeti tumieni Signal na ujumbe unaojifuta.

Mtakapoandika juu ya wenye mamlaka kutakuwa na presha. Gazeti la KANERE lilianzishwa na wakimbizi wa Kakuma, Kenya, Desemba 2008, likaandika juu ya mgao, usalama na mwenendo wa mashirika. Waandishi wake walipata vitisho, na suala la nani alifadhili bila kuliongoza halikuwa jepesi. Tunachojifunza ni kumpa kila anayelaumiwa nafasi ya kujibu kabla ya kutangaza, na kuandika mlimpa lini. Someni pia sheria mpya za Zambia za mtandao zilizosainiwa mwaka 2025, na mwulize MISA Zambia, shirika linalotetea uhuru wa vyombo vya habari, pale msipoelewa.

Fedha

Matangazo madogo ya vifo, harusi, mashine ya kusaga na vitu vilivyopotea yanaweza kulipia bando. Yatenganisheni na habari, yawe na alama yake. Shirika likitaka mtangaze kampeni yake, kubalini kama ina faida kwa watu, lakini semeni imelipiwa na nani. Bahasha ya nauli baada ya mkutano, ile Kongo wanayoiita coupage, irudisheni. Ni vigumu mtu akiwa na njaa, tunajua. Ndiyo maana nauli ya mwandishi itoke kwenye sanduku la timu kabla hajaondoka, hata kama inatosha kwenda tu na kurudi atatembea.

Mweka sanduku asiwe ndiye mhariri. Mapato na matumizi ya mwezi yaandikwe kwenye ubao ule ule wa habari, ambapo kila mtu anayasoma.