Nani alimshonea Superman?

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, nipo hapa hapa Iringa, pindi naingia kama kawaida. Nilikuwa nafuma blanketi.

Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Iko hivi. Mpwa wangu ana miaka mitano. Mama yake, yaani dada yangu, alipata kazi Dar mwezi wa tano, akamwacha Njombe kwa bibi yake mpaka mambo yatakapokaa sawa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba mchana dogo anacheza vizuri tu, shida ni usiku. Giza likiingia anaanza kumwulizia mama yake. Na baridi ya Njombe mwezi wa sita, wenye kuijua mnaijua. Nikaomba nimsikie mwenyewe, nikamwuliza nimletee nini. Akajibu bila kufikiri: "Blanketi la Superman, Mjomba."

Bumu lilikuwa limebaki la kuhesabu na vidole, na blanketi la Superman sikuliona duka lolote. Nikakumbuka kwamba kroshia naijua. Mama alinifundisha nikiwa darasa la tatu, enzi zile anafuma vitambaa vya makochi vya kuuza. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye vitambaa hivyo. Basi nikaenda sokoni, nikanunua uzi mwekundu, wa bluu na wa njano, pamoja na sindano moja ya kroshia.

Rumu meti wangu aliponikuta kitandani na uzi mapajani alisimama mlangoni kama kaona nyoka. "Mwalimu, hizo si kazi za wanawake?"

Siku ile sikumjibu. Leo namjibu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, jibu lenyewe ni refu kidogo.

Neno "kroshia" limetoka kwenye Kifaransa, crochet, maana yake kulabu ndogo. Vielelezo vya kwanza vya kroshia vinavyojulikana kuchapishwa vilitoka Uholanzi mwaka 1823, kwenye jarida lililoitwa Penélopé. Wakati huo ilikuwa kazi ya kupitishia muda kwa akina mama wenye nafasi. Aliyeifanya iwe kazi ya kuokoa maisha ni njaa.

Mwaka 1845 viazi mviringo vya Ireland vilishambuliwa na ugonjwa wa ukungu. Ni ugonjwa ule ule ambao wakulima wa kwetu Njombe wanaupulizia dawa mpaka leo, kwa hiyo nikisoma habari hii huwa naona shamba letu kabisa. Maskini wa Ireland walikuwa wanategemea kiazi tu. Mpaka mwaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine kama milioni moja wameihama nchi.

Katikati ya balaa hilo ndipo kroshia ikaingia. Masista wa shule za watawa huko Cork waliwafundisha wasichana kufuma lesi. Kwenye mji wa Clones, mke wa mchungaji mmoja, Cassandra Hand, alianzisha kazi hiyo mwaka 1847 ili watu wapate cha kula. Naye Eléonore Riego de la Branchardière alichapisha vitabu vya kuonyesha namna ya kufuma lesi ya kroshia iliyofanana na zile lesi za gharama za Ulaya, ambazo kwa sindano ya kawaida zilichukua muda mrefu mno. Kroshia ilikwenda haraka, na vifaa vyake ni uzi na kulabu tu. Asiyekuwa na kulabu alikunja ncha ya waya, akaitia kipini cha mti, kazi ikaanza.

Sasa rumu meti, sikiliza hapa: wanaume na watoto nao walifuma. Njaa haikuuliza hii ni kazi ya nani. Lesi zilivaliwa na matajiri, fedha zikanunua chakula, na zipo familia zilizolipia nauli ya meli ya kwenda Marekani kwa fedha hizo hizo za kroshia.

Malkia Victoria mwenyewe alikuwa mfumaji. Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 80 na ushee, alifuma skafu 8 za kroshia, wakapewa askari waliosifiwa kwa ushujaa kwenye vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Yaani mashujaa wale walitunukiwa kitu ambacho bibi kizee alikifuma kwa mkono wake!

Hapo ndipo nafika kwa Superman.

Waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland, Marekani: Jerry Siegel, mwandishi, na Joe Shuster, mchoraji. Wote wawili ni watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Baba yake Shuster alikuwa fundi cherehani. Baba yake Siegel alikuwa na duka la nguo, na alifariki mwaka 1932 wezi walipovamia duka hilo. Superman alitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kwenye toleo la kwanza la Action Comics, nao wakauza haki zote kwa dola 130 tu. Walisota miaka mingi. Ilipofika 1975, baada ya kelele nyingi, ndipo kampuni ikakubali kuwalipa pensheni na kurudisha majina yao kwenye kazi yao.

Na hadithi yenyewe mnaijua. Sayari inakaribia kulipuka, wazazi wanamfunga mtoto wao ndani ya chombo na kumtuma mbali, anaokotwa na kulelewa na wazee wa Kent shambani. Ambacho mimi sikukijua mpaka juzi ni habari ya lile vazi. Kwenye hadithi moja ya jarida la Superboy la mwaka 1960, mtoto alifika amefunikwa mablanketi mekundu, ya bluu na ya njano. Mama Kent akayafumua uzi kwa uzi, akamtengenezea vazi. Mkasi haukati uzi ule, ikabidi mtoto mwenyewe aukate kwa joto la macho yake.

Kwa hiyo lile joho tunaloliona linapepea angani ni blanketi la mtoto aliyeachana na mama yake. Niliposoma hivyo niliweka sindano chini kidogo.

(Na kama bado unasema kushona ni kwa wanawake, Spider-Man wa mwaka 1962 ni mwanafunzi wa kiume aliyejishonea vazi lake mwenyewe. Tena mwanafunzi asiye na hela. Nimemaliza.)

Mchoro wangu niliuweka kwenye daftari la hesabu la vijumba. Vipande 80 vya mraba, vya sentimeta 12 kila kimoja, mtindo ambao maelezo yake yalichapishwa Marekani tangu 1885. Nane kwa upana, kumi kwa urefu. Pembeni pote bluu, vipande 32. Ndani 48, njano, na herufi S kwa nyekundu. Nilifuma usiku baada ya prepo, nikafuma nikisubiri wali kantini. Siku ya kuunganisha nikaunganisha mpaka saa nane usiku, nikalitandaza kwa fahari. Rumu meti akaamka, akaangalia, akauliza: "Hiyo ni S au ni 2?"

Nilikuwa nimeiangalia karatasi kinyume. Nikafumua herufi nzima, kama Mama Kent. Cha ajabu, jamaa ndiye aliyenishikia taa.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi mpaka Njombe. Mama alilikagua blanketi kwa vidole, akageuza upande wa nyuma kama anavyofanya siku zote, akasema tu, "Fundo zako bado unazikaza mno, mwanangu." Kwa anayemjua, hizo ni sifa. Dogo hakulitandika. Alinipa ncha mbili nimfunge shingoni, akakimbia uwanjani mpaka jioni.

Usiku nikamsimulia yote: sayari, chombo, mablanketi, Mama Kent. Akasikiliza kimya, kisha akaniuliza, "Mjomba, mama yake Superman alirudi?"

Wadau, tunasomea ualimu, lakini somo hilo hatujafundishwa. Nilimwambia ukweli kwamba yule hakurudi. Ila wako anarudi Krismasi, kasema mwenyewe.

Akalivuta blanketi mpaka kidevuni. "Basi nitampa ajifunike na yeye. Dar kuna baridi?"

Nikamwambia ipo kidogo.