Haraka Haraka Haina Baraka: Historia ya Kujaribu kwa Wachache Kabla ya Wengi

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahandisi wa programu za kompyuta wameifanya methali hii kuwa kanuni ya kazi. Wanapokuwa na toleo jipya, hawalitoi kwa watumiaji wote siku moja. Hulipeleka kwanza kwa wachache, wakaangalia, ndipo wakaongeza. Utaratibu huo wameupa jina la ndege kanari. Insha hii inaeleza asili ya jina hilo, kisha inaonyesha kuwa jambo lenyewe lina ushahidi hapa Gisenyi, kilomita chache kutoka mpaka wa Grande Barrière.

Tuanze na ndege. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Uskoti, John Scott Haldane, alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe. Aligundua kuwa baada ya mlipuko wengi huuawa na gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Akashauri wachimbaji washuke na mnyama mdogo. Kanari alionekana kufaa, kwa sababu hupumua kwa kasi na huzidiwa na sumu mapema kuliko mtu. Akianguka ndani ya kitundu, wachimbaji hurudi juu. Uingereza iliendelea kuwatumia ndege hao hadi 1986, vipimo vya elektroniki vilipochukua nafasi yao.

Watu wa mpakani hapa hawahitaji kwenda Ulaya kujifunza habari za gesi isiyoonekana. Upande wa Goma, kwenye mabonde madogo ya ardhi ya volkano, kuna hewa iitwayo mazuku. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hutuama chini. Mbuzi akikutwa amekufa bondeni, watu hujua mahali hapo si pa kupita. Wanasayansi wa kigeni wamelichukua neno hilo la Kiswahili na kulitumia katika maandishi yao.

Gesi iko pia ndani ya Ziwa Kivu. Vilindi vyake vina takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Hatari yake ilieleweka vizuri zaidi mwaka 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilipotoa gesi kwa ghafla na kuua watu wapatao 1,700. Kando ya Kivu wanaishi watu wengi mara elfu.

Kwa hiyo ni jambo la maana kwamba uvunaji wa methani ulianza kidogo. Mwaka 1963 kituo kidogo kilijengwa Cap Rubona, karibu na Gisenyi, na gesi yake ikawasha matangi ya kuchemshia maji ya kiwanda cha bia kwa miaka mingi. Mwaka 2016 ulizinduliwa mtambo wa KivuWatt, Karongi. Ulianza na megawati 26, ingawa mpango ulikuwa kufika 100. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi hurudishwa kilindini ili matabaka ya ziwa yasivurugike, na hali ya ziwa hupimwa.

Mhandisi wa programu hufanya vivyo hivyo. Huweka toleo la zamani na jipya kwenye seva sambamba, kisha huelekeza, kwa mfano, maombi 5 kati ya 100 kwenye jipya. Hulinganisha makosa na kasi ya majibu ya matoleo yote mawili kwa saa zilezile. Mipaka ya kusimama huiandika kabla ya kuanza, si baada ya kuona matokeo. Hali ikiwa njema, hupanda hadi 25, 50, kisha 100. Ikiharibika, mfumo huwarudisha wote kwenye toleo la zamani. Kosa kubwa ni kusahau hifadhidata: toleo jipya likiibadilisha kiasi kwamba la zamani haliwezi kuisoma, njia ya kurudi imefungwa.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona hasara ya kuruka hatua hizo. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kosa kwa wateja wote kwa mpigo. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Baadaye kampuni iliahidi kusambaza masasisho kwa hatua.

Historia hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kuanza na wachache hakufai kitu kama hakuna anayewaangalia. Kanari asiyetazamwa hufa bure. Pili, lazima pawe na njia ya kurudi. Programu mbovu huweza kuondolewa kwa dakika chache. Gesi ikishatoka ziwani hairudi. Ndiyo maana sisi tunaoishi ufukweni tuna haki ya kuuliza, kila uvunaji unapopanuliwa: vipimo vya hatua iliyopita vilisema nini?