Changuu na Jina la Gereza

Mashua zinazopeleka wageni Changuu kutoka Mji Mkongwe hazina safari ndefu. Mgeni hushuka kwenye mchanga mweupe, akawalisha kobe majani, akavaa miwani na mrija wa kupumulia akatazama samaki juu ya matumbawe, na huenda mchana wake akaumalizia Bawe au kwenye fungu la Nakupenda. Akirudi husema ametoka Kisiwa cha Gereza. Baadhi ya manahodha wetu nao hukiita hivyo, tena kwa Kiingereza.

Jina hilo linastaajabisha. Changuu ni jina la samaki, nalo lilitosha. Gereza lilijengwa katika muongo wa 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, wala halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Waliofungiwa kisiwani ni wengine. Kabla ya Mathews waliwekwa huko watumwa walioitwa wakaidi, wakingoja kuuzwa. Baadaye wakaja abiria wa meli, waliotengwa mpaka ijulikane kama wana maradhi, na kisiwa kikawa karantini. Mtumwa hakuachiwa jina, wala abiria, limeachiwa jengo. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kufasiri, sijui tafsiri mbovu kuliko hii.

Kobe nao ni wageni. Wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi kutoka serikali ya Ushelisheli, na asili yao ni Aldabra. Mabaharia wa zamani walikuwa wakiwapakia kobe wa visiwani wakiwa hai, kwani kobe hukaa miezi bila chakula na nyama yake haiozi njiani. Kwa uwindaji huo, na kwa nguruwe na panya walioletwa na meli, kobe wa Mauritius na Réunion walitoweka kabisa. Wa Aldabra walisalia, na mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin miongoni mwao, walimwandikia gavana wa Mauritius kuomba wahifadhiwe.

Hapa kwetu walizaana vizuri. Kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 20, wezi wakawachukua kwa biashara ya ng'ambo, wakabaki wachache mno, hata ikabidi wajengewe uzio. Huko ndani ndiko wanakoishi, na wakubwa wao wameandikwa umri mgongoni kwa rangi ya buluu.